Kufunga kadi za mkopo na kufungua mpya kabla ya kuomba mkopo wa nyumba Marekani: alama zitaathirikaje?

Mwananyumba

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa mnaoufahamu vizuri mfumo wa mikopo wa Marekani. Nina kadi tatu za mkopo na hakuna hata moja iliyowahi kuchelewa malipo:

Kadi A: miaka 11, limiti dola 2,000, haina ada, haitumiki kabisa.
Kadi B: miaka 6, limiti dola 8,000, ada ya mwaka dola 95, salio sifuri.
Kadi C: miaka 3, limiti dola 5,000, haina ada. Matumizi yote ya nyumbani yako hapa, kama dola 2,400 kwa mwezi, na inalipwa yote kwa malipo ya kiotomatiki siku ya mwisho ya kulipa.

Natarajia kuomba mkopo wa nyumba baada ya miezi minane. Nilipanga kufunga A na B, halafu kufungua kadi moja mpya yenye bonasi. Nimeambiwa kwamba kufunga kadi ya zamani kunafuta historia yake yote, na kwamba kufungua mpya kunashusha alama kwa miaka miwili. Kuna ukweli gani hapo? Ada ya B inakatwa mwezi ujao, kwa hiyo muda ni mfupi. Naomba kuwasilisha.

Kisima

Mkuu, A usiiguse kabisa. Ukiifunga, miaka 11 imekwenda na maji. B haina umri mkubwa, funga tu uokoe dola 95.

Hesabu_Kwanza

Mkuu Kisima, naomba nipingane nawe kwa heshima. Kwa takwimu alizotoa, B ndiyo kadi ya hatari kuifunga, na A ingefungwa leo alama zingeyumba kidogo tu.

Alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi wa Marekani huzitumia kupima kama utalipa deni vizuri, huanzia 300 hadi 850 na hutokana na mafungu matano: historia ya malipo asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, umri wa historia 15, mikopo mipya 10, na aina za mikopo uliyo nayo 10. Kufunga kadi hakugusi historia ya malipo. Kinachoguswa mara moja ni lile fungu la pili, kwa sababu humo hutazamwa deni lako limekula sehemu gani ya limiti zako. Ukifunga kadi, limiti yake inaondoka kwenye hesabu lakini deni la kadi nyingine linabaki palepale.

Tuziweke namba zako mezani.

Leo: deni 2,400, limiti zote 15,000, matumizi asilimia 16.
Ukifunga A tu: 2,400 kwa 13,000, asilimia 18.5.
Ukifunga B tu: 2,400 kwa 7,000, asilimia 34.3.
Ukifunga zote mbili: 2,400 kwa 5,000, asilimia 48.

Ile asilimia 30 inayotajwa kila mahali si ukuta, kwamba ukiwa na 29 umesalimika na ukifika 31 umeangamia. Kadiri inavyopungua ndivyo bora, na wenye alama za juu kabisa kwa kawaida wako chini ya 10. Tena kila kadi huangaliwa peke yake pia. Kadi C yako tayari iko kwenye asilimia 48, hata kabla hujafunga chochote.

Najua utauliza, "Mbona nalipa yote kila mwezi?" Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kuna tarehe mbili tofauti. Tuseme stetimenti yako (taarifa ya kila mwezi ya kadi) hufungwa tarehe 12 na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kisheria kati ya kutumiwa stetimenti na siku ya mwisho ya kulipa lazima ziwepo siku zisizopungua 21. Benki nyingi hupeleka kwenye taasisi za taarifa za mikopo salio lililokuwepo siku stetimenti ilipofungwa. Kwa hiyo wewe unalipa 2,400 tarehe 7 bila riba hata senti, lakini ripoti ilishaandika 2,400 tangu tarehe 12.

Dawa yake ni nyepesi. Tarehe 8 au 9 ingia kwenye programu ya benki, lipa kama dola 2,000 kwa mkono, uziache 400. Usingoje tarehe 11, maana malipo yanaweza kuchukua siku moja hadi tatu kuingia. Stetimenti itafungwa na 400: hiyo ni asilimia 8 ya Kadi C, na asilimia 2.7 ya limiti zote tatu. Hata kama B itakuwa imefungwa, utakuwa kwenye asilimia 5.7.

Usilipe hadi kadi zote zisome sifuri ule mwezi unaoomba mkopo. FICO hupunguza alama chache pale ambapo hakuna kadi yoyote inayoonyesha kutumika. Kadi moja yenye salio dogo inatosha. Na tafadhali, salio dogo kwenye stetimenti halina uhusiano na kubakiza deni baada ya siku ya mwisho ya kulipa. Anayebakiza deni "ili kujenga alama" anailipa benki riba bure, alama haziongezeki kwa hilo.

MkaguziRipoti

Hesabu_Kwanza kaliweka vizuri suala la limiti. Mimi niende kwenye umri, kwa sababu alichosema mkuu Kisima kinaaminiwa na watu wengi sana.

Kadi iliyofungwa ikiwa na historia safi hubaki kwenye ripoti hadi miaka 10 baada ya kufungwa. Katika muda wote huo FICO inaendelea kuihesabu kwenye umri, na umri wake unaendelea kukua kana kwamba bado iko wazi. Kwa hiyo leo wastani wa kadi zako ni miaka 11 + 6 + 3, jumla 20, gawa kwa 3: miaka 6 na miezi 8. Ukifunga A kesho, kwa FICO wastani unabaki uleule.

Na miaka 10 ikiisha je? B itakuwa na miaka 16 na C miaka 13. Tuchukulie umefungua kadi mpya mwaka huu, itakuwa na 10. A ingekuwepo, yenye miaka 21, wastani ungekuwa 15. Ikitoweka, wastani ni 13, na akaunti yako kongwe ni ya miaka 16. Utahisi tofauti kidogo, lakini mtu mwenye wastani wa miaka 13 hana historia changa.

Tahadhari: VantageScore, mfumo ulioanzishwa na taasisi tatu za taarifa za mikopo mwaka 2006, huenda usihesabu baadhi ya akaunti zilizofungwa. Programu nyingi za bure za simu huonyesha VantageScore. Ndiyo maana mtu anafunga kadi ya zamani, anaona programu imeshusha alama nyingi, anapaniki, kumbe FICO yake haijasogea sana. Kabla hujashtuka, soma kwa maandishi madogo alama unazoziangalia ni za mfumo upi.

Kinachoshusha wastani wa umri siku hiyo hiyo ni kufungua. Kadi mpya ina umri sifuri: 20 gawa kwa 4, wastani unatoka miaka 6 na miezi 8 hadi miaka 5. Mwenye kadi moja ya mwaka mmoja akifungua ya pili, wastani wake unakatika nusu. Wewe una kinga kidogo, yeye hana.

Dada Hazina

Kuhusu kufungua kadi mpya, kaka Mwananyumba, kuna mambo matatu yanayotokea kwa pamoja na watu huyachanganya.

La kwanza ni ukaguzi. Ukituma ombi, benki inavuta ripoti yako, na huo ni ukaguzi mzito. Unaonekana kwenye ripoti miaka miwili, ila FICO inauhesabu miezi 12 tu ya kwanza, na kwa watu wengi hauzidi kupunguza alama 5. Ile "miaka miwili" uliyoambiwa imetoka hapa. Wewe mwenyewe kuangalia ripoti yako, au benki kukuangalia kama unafaa kabla hujaomba rasmi, ni ukaguzi mwepesi na haupunguzi kitu. Benki nyingi zina ukurasa wa kukupa jibu la awali kwa ukaguzi mwepesi. Anza hapo, ili usipoteze ukaguzi mzito kwa kadi utakayonyimwa.

La pili ni akaunti mpya yenyewe, ambayo MkaguziRipoti ameieleza.

La tatu linakwenda upande wako: limiti inaongezeka. Ukipewa kadi ya dola 6,000 bila kufunga yoyote, limiti zote zinafika 21,000 na deni lako la 2,400 linakuwa asilimia 11.4. Kwa mtu anayeelemewa na asilimia kubwa ya matumizi, kadi mpya inaweza kuishia kumpandisha baada ya miezi michache. Ila wewe unaweza kuipata nafuu hiyohiyo bure kwa kulipa kabla ya stetimenti, kwa hiyo sababu hii kwako haina uzito.

Ushauri wangu: usifungue kadi yoyote hadi mkopo wa nyumba uwe umesainiwa na fedha zimetolewa. Fikiria mkopo wa dola 300,000 wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 6.5 marejesho ni kama dola 1,896 kwa mwezi, kwa 6.75 ni kama dola 1,946. Robo tu ya asilimia inakugharimu karibu dola 50 kila mwezi, zaidi ya dola 17,000 kwa miaka yote 30. Hakuna bonasi ya kadi inayolingana na hapo. Na mara nyingi mkopeshaji huivuta ripoti tena siku chache kabla ya kusaini. Akikuta akaunti mpya ataomba barua ya maelezo, atahesabu upya madeni yako dhidi ya kipato, na tarehe ya kukabidhiwa nyumba inaweza kusogezwa.

Ukifika wakati wa kulinganisha wakopeshaji wa nyumba, usiogope kuomba kwa watatu au wanne. Maombi ya mkopo wa nyumba yaliyofanywa karibu karibu huhesabiwa kama ukaguzi mmoja. Matoleo ya zamani ya FICO hutoa siku 14, mapya hutoa 45. Ukiyamaliza yote ndani ya siku 14 uko salama kwa toleo lolote. Nafuu hii haipo kwa kadi. Maombi matano ya kadi ni ukaguzi mzito mara tano, hata kama yalitumwa siku moja. Isitoshe, zipo benki ambazo hukataa tu mtu aliyefungua kadi nyingi ndani ya miezi 24, alama zake ziwe nzuri vipi.

Na kama ripoti zako umezifungia dhidi ya wizi wa utambulisho, zifungue kwanza. Ni bure kisheria, na ukiomba mtandaoni au kwa simu taasisi inatakiwa kufungua ndani ya saa moja.

Fundi wa Ada

B usiifunge, ibadilishe. Benki nyingi hukubali kugeuza kadi yenye ada kuwa aina nyingine ya benki hiyohiyo isiyo na ada. Limiti inabaki, tarehe ya kufunguliwa inabaki, ada inaondoka. Wewe umeshapita mwaka wa kwanza, na mwaka huo ndio benki huwa hazikubali.

Piga namba iliyo nyuma ya kadi, au andika kwa ujumbe wa ndani ya programu ili ubaki na maandishi. Kabla ya kusema ndiyo, uliza maswali haya na ungoje jibu la kila moja: Je, kutakuwa na ukaguzi mzito? Je, akaunti ni ileile, yenye tarehe ya kufunguliwa ileile na limiti ileile? Je, pointi zangu zinahama au zinafutika? Akisema inabidi "utume ombi" la kadi nyingine, mkate hapo hapo kwa upole, kwa sababu hilo si badiliko. Ni akaunti mpya.

Muulize pia kama kuna ofa ya kukubakisha. Mara nyingine wanaisamehe ada ya mwaka mmoja, na kwako mwaka mmoja ndio unaohitaji.

Ada ikishakatwa usikate tamaa: benki nyingi huirudisha ikiwa umebadilisha au umefunga ndani ya takriban siku 30. Usiipitishe mwezi.

Mwananyumba

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Maswali mawili yamebaki. Kadi B ni ya benki iliyoshirikiana na shirika la ndege, je inaweza kubadilishwa? Na ikishindikana nikalazimika kuifunga, nifuate hatua zipi? Kuhusu A, nasikia benki huzifunga zenyewe kadi zisizotumika.

Fundi wa Ada

Kadi ya ubia na shirika la ndege kwa kawaida hubadilishwa ndani ya ukoo wake tu, yaani kwenda kadi nyingine ya shirika hilohilo. Uliza kama ukoo huo una isiyo na ada. Kama haina, na una kadi nyingine kwenye benki hiyohiyo (pengine C ni yao?), omba limiti ya B ihamishiwe huko kabla ya kufunga. Ukihamishiwa hata 7,000, C inakuwa na 12,000 na ile hesabu ya kutisha ya Hesabu_Kwanza inayeyuka. Hapa pia uliza kwanza kama wanafanya ukaguzi mzito.

Ukifikia kufunga, zingatia mpangilio, kwa sababu kadi ikishafungwa mambo mengine hayarekebishiki.

Anza na pointi. Za benki yenyewe mara nyingi hufutika siku ya kufunga, kwa hiyo zitumie au zihamishe kabla. Maili zilizokwisha kuingia kwenye akaunti yako ya shirika la ndege kwa kawaida ni zako.

Kisha fungua stetimenti 12 za nyuma uzipitie mstari kwa mstari. Unatafuta malipo ya mara moja kwa mwaka: bima, jina la tovuti, uanachama. Hayo ndiyo yanayosahaulika. Yapo makato yanayoweza kupenya hata baada ya kadi kufungwa. Dola 9.99 ikiingia kwenye akaunti ambayo huifungui tena, haionekani, hailipwi, ikipita siku 30 baada ya siku ya mwisho ya kulipa inaripotiwa kuwa imechelewa. Doa hilo hukaa miaka 7, na linaangukia kwenye lile fungu la asilimia 35. Katika makosa yote ya kufunga kadi, hili ndilo linaloumiza kuliko mengine.

Lipa salio lote, halafu subiri stetimenti moja zaidi isome sifuri. Kama uliwahi kubakiza deni kwenye kadi hiyo, riba ya siku zilizopita inaweza kujitokeza mwezi unaofuata hata kama ulidhani umemaliza.

Ndipo upige simu ufunge, uombe uthibitisho kwa maandishi, uandike tarehe na jina la aliyekuhudumia. Kuikata kadi kwa mkasi hakufungi akaunti.

MkaguziRipoti

Niongeze hapo. Baada ya mwezi mmoja au miwili vuta ripoti zako kwenye AnnualCreditReport.com. Ni bure, kila wiki, kutoka Equifax, Experian na TransUnion. Hakikisha zote tatu zinaonyesha akaunti imefungwa kwa ombi la mwenyewe, salio sifuri. Ikiandikwa imefungwa na benki, alama hazishuki kwa maneno hayo, ila ofisa wa mkopo wa nyumba anaweza kuuliza. Pinga kwa maandishi ukiambatanisha ule uthibitisho. Kwa kawaida taasisi ina siku 30 za kuchunguza. Ukiwa na miezi minane unao muda wa kutosha. Ukigundua wiki moja kabla ya kusaini, huna.

Kuhusu A, ni kweli. Benki inaweza kuifunga kwa kutotumika bila kukuarifu kabla, na hakuna muda mmoja unaofanana kwa benki zote. Ada ya kutotumia kadi, hiyo sheria imeipiga marufuku, kwa hiyo usiogope kukatwa. Weka malipo madogo ya kila mwezi kwenye A, washa malipo ya kiotomatiki ya salio lote, basi. Na washa ujumbe wa simu kwa kila muamala, kwa sababu kadi isiyoangaliwa ndiyo wezi huipenda.

Hesabu_Kwanza

La mwisho kuhusu alama utakazopimwa nazo. Mkopeshaji wa nyumba kwa kawaida huvuta alama kutoka taasisi zote tatu na kuchukua ile ya katikati. Ukiwa na 742, 751 na 728, unahesabiwa 742. Hawachukui wastani, wala ile ya juu.

Zile asilimia za matumizi, kwenye matoleo yaliyozoeleka ya FICO, hazina kumbukumbu: ripoti ya mwezi huu ikisoma asilimia 8, ile 48 ya mwezi uliopita haihesabiwi tena. Lakini matoleo mapya, FICO 10T na VantageScore 4.0, hutazama mwenendo wa takriban miezi 24. Ndiyo maana ningeanza kulipa kabla ya stetimenti mwezi huu huu, nisingoje hadi mwezi mmoja kabla ya kuomba.

Mwananyumba

Nimeelewa wakuu. Kadi mpya nimeiahirisha. Kesho naandikia benki kuhusu B, na A naiwekea malipo ya intaneti. Swali dogo: nikilipa 2,000 kwa mkono tarehe 9, malipo ya kiotomatiki yatanikata tena 2,400 yote?

Hesabu_Kwanza

Hapana, mkuu, mradi umechagua "salio la stetimenti". Stetimenti itafungwa na 400, na hiyo 400 ndiyo itakayokatwa siku ya mwisho ya kulipa. Ukiwa umechagua "kiasi maalum" cha 2,400, benki inaweza kuikata kama ulivyoandika na kadi ikabaki na ziada yako ndani. Fungua mipangilio uangalie leo. Na usizime malipo ya kiotomatiki kwa sababu sasa unalipa kwa mkono, hiyo ndiyo kinga yako siku utakaposahau tarehe 9.